Udongo wa Mwaka Jana

Hodan mjukuu wangu, assalamu alaikum. Huku Kutulo tu wazima, alhamdulillahi, na ngamia wako amezaa jike.

Unauliza kwa nini upime tena sumu ya risasi kwenye udongo wa kando ya mgodi, wakati ulishatiwa dawa na kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Nilipokuwa msichana, tuliuonja udongo wa chumvi kabla ngamia hawajaulamba. Mwaka mmoja sikuonja, maana mahali nilipajua. Kumbe mafuriko yalishapita pale. Ngamia watatu wakaharisha.

Mama aliniuliza, "Uliuonja lini?"

"Mwaka jana."

"Basi ungewapeleka wakalambe mwaka jana."

Nenda ukapime, mama. Ila wewe usionje.

Ayeeyo, bibi yako