Somo la Soko Huria kwenye Rundo la Pamba

Zagayu, Jumatano jioni

Nimefaulu! Na nisingefaulu jaribio hili, ningeondolewa kwenye kozi ya mtandaoni.

Wiki nzima nilijifungia ndani na simu, mwalimu anaeleza soko huria kwa Kiingereza, mimi nasinzia. Jana mama akafoka kwamba pamba haijichambui yenyewe. Nikatoka na simu, nikaongeza sauti, tukachambua na shangazi na majirani, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule.

Kila mara mwalimu akitua kidogo, shangazi ananigeukia: "Anasemaje?" Aliniudhi kweli! Nikawa namweleza kwa Kisukuma, narudia tena na tena, mpaka nikaelewa mwenyewe.

Leo nimefanya jaribio, nikawapa habari kwamba nimefaulu. Shangazi akaacha kuchambua.

"Haya, na sisi matokeo yetu yanatoka lini?"