Usipike Mchicha wa Mama

Baba watoto,

Mchicha ulio jikoni usiupike, wala usiwape kuku. Hata ukiuosha mara ngapi, haisaidii kitu. Wali umo kwenye sufuria, upashe tu.

Leo asubuhi, ulipotoka tu, bwana shamba alileta majibu ya vipimo vya udongo. Kumbe kabla hatujahamia, pale uani palikuwa na karakana ya betri, na madini ya risasi yamebaki ardhini. Mboga huyavuta kwa mizizi hadi kwenye majani. Hofu ikanipanda kichwani. Nikang'oa tuta zima mbele ya mama yako, naye bado ameshika ndoo ya kumwagilia, bila hata kumweleza kwanza. Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo mwanangu, ni mimi niliyekuwa nawalisha sumu wajukuu zangu?"

Swali lile lilitaka neno moja tu, "Hapana." Mimi nikaendelea kuzoa majani.

Amejifungia chumbani, chai hajaigusa. Mimi nampeleka kitinda mimba kupimwa damu. ~~Mama usimwambie.~~ Mwambie, asije akayasikia kwa jirani. Mwambie pia hakuna aliyejua. Wewe mwenyewe kila siku ulikuwa unaomba uongezewe mboga.

Funga kuku wasiende tutani.

Nimechungulia dirishani nikaona mama anapanga nguo kwenye begi. Tafadhali mzuie hadi nifike. Msamaha huu nataka kuuomba kwa kinywa changu.

Mama watoto