Mama Mkwe na Sentensi za Filipo

Jumatatu, 3 Machi 1952
Mvua tangu alfajiri. Nimetoka kazini reli, nimekohoa mlangoni pa ua kama kawaida. Mama mkwe akajifunika kitenge usoni, akaingia jikoni. Ndipo nami nikaingia. Sahani yangu juu ya jiwe, imefunikwa. Bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo.

Tangu nimwoe Veronika sijauona uso wa mama yake. Ndiyo heshima ya ukwe kwetu: hatutazamani, hatugusani, hatusemezani, mpaka wazee watupikie kuku na kutufungua. Kuku wapo. Wazee ndio hawaelewani.

Veronika yuko Kambove, dada yake kajifungua mapacha. Tumebaki wawili hapa kambini kwa wafanyakazi wa reli, ukuta katikati.

Jioni kwa Filipo, fundi cherehani wa Nyasaland anayetufundisha Kiingereza barazani pake, huko mtaa wetu uitwao Kenya. Juma hili ni “look after”. Maana yake kutunza. Anataka sentensi za nyumbani, si za kitabuni. Nimeandika: I look after my bicycle. Kanicheka sana.

Jumanne, 4 Machi
I look after the hens. I look after my wife’s garden. Nimezisema njia nzima mpaka mlinzi kanikodolea macho.

Jumamosi asubuhi Mwingereza wa Ndola atakuwa hotelini karibu na stesheni. Anatafuta mtu wa kumtunza mama yake, bibi kizee. Naitaka kazi ile. Nimechoka na magunia na moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba.

Jumatano, 5 Machi
Leo hapakuwa na sahani juu ya jiwe. Kikohozi jikoni. Nimeuliza kupitia kuku, maana hivyo inaruhusiwa.
“Kuku, mama iko muzima?”
“Kuku, muambie baba ni baridi tu.”
Sauti yake haikuwa ya baridi tu. Nimemwomba Mama Jeanne, jirani yetu, amchemshie uji.

Alhamisi, 6 Machi
Homa. Mama Jeanne kampa kwinini. Hakubali kupelekwa hospitali. Anasema atamngoja mwanawe.

Filipo ametaka sentensi mpya. Nimerudia ile ya baiskeli. Mke hayupo, mama yake anaungua hatua chache kutoka mezani pangu, nami natunza baiskeli kwa Kiingereza. Najiona mpumbavu.

Ijumaa, 7 Machi
Afadhali kidogo, asema Mama Jeanne. Nimepiga pasi shati. Filipo kaniazima tai yake.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya posho. Wanawake wa kambi wote walikuwa wamepanga mstari wa unga, Mama Jeanne pia. Mimi nimeshavaa tai, baiskeli mkononi.

Kishindo jikoni. Sufuria ikabingirika.

Nikasema na kuku. Kimya. Nikaita majirani. Hakuna mtu.

Nikasimama mlangoni. Kwetu anayemgusa mama mkwe wanasema mikono yake hutetemeka mpaka anakufa. Yangu ilikuwa imeshaanza. Sijawahi kuogopa vile.

Nikaingia kinyumenyume. Nikachota maji mtungini kwa kupapasa, nikamnywesha kwa mkono wa nyuma, kopo lote likamwagikia shingoni.

“Geuka, baba,” akasema. “Utaniua na iyi mayi.”

Nikageuka. Uso wa Veronika, ila umekonda, midomo imepasuka. Nikambeba mgongoni, nikamfunga kwa kitenge chake kama mtoto, nikatoka naye mvuani. Hotelini ni kushoto. Nikaenda kulia, hospitali.

Ni mapafu. Wamemchoma sindano. Mganga kasema ningengoja watu watoke posho, ningeleta maiti. Kaniuliza mgonjwa ni nani wangu. Nimesema, mama.

Jumapili, 9 Machi
Nimemlisha uji. Kafunika macho kwa kiganja, kafungua kinywa. Watu wa kambi wamesikia yote, wengine hawajibu salamu yangu.

Mwingereza kampata mtu mwingine. Filipo kaniambia taratibu, na tai yake iliyoharibika mvuani hataki nimlipe. Nimekasirika. Nani nimkasirikie, sijui.

Jumatano, 12 Machi
Mama mkwe karuhusiwa kurudi jana. Kitenge usoni, mlango wa jikoni umefungwa. Leo nimekohoa langoni kama zamani.

Veronika naye karudi. Kamwuliza mama yake ni nani aliyemtunza. Nilikuwa uani, nikangoja kuaibishwa.

“Ni Mungu,” akasema mama mkwe.

Mama Jeanne akatazama pembeni. Ni kweli mama mkwe amenisitiri, najua. Lakini imeniuma. Mungu hakupoteza kazi ya Ndola.

Jumapili, 16 Machi
Mvua imekatika. Tumetoka misa, nimekohoa langoni.

Sahani juu ya jiwe. Nimefunua: kuku. Juu kabisa, peke yake, firigisi.

Veronika kasimama palepale na rozari mkononi. Firigisi mkwe hupewa siku ya kufunguliwa, mbele ya wazee. Kaniuliza kuna nini. Kamgeukia mama yake.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama mkwe amekaa kizingitini, kichwa wazi, anachambua maharagwe. Hakuinuka. Kuku waliobaki wanadonoa miguuni pake, lakini hakusema nao.

“Baba, kula. Itapoa.”

Nimekaa mbele yake, nimekula. Mikono haikutetemeka.