Mbuzi wa Mahari Kala Mapambo

Bariadi, Ijumaa

Mnyororo wote wa karatasi niliotengeneza kupamba meza ya maharusi umeliwa na mbuzi wa mahari. Gundi niliipika kwa unga wa muhogo, na mlango nikauacha wazi mwenyewe.

Binti yangu Neema, bibi harusi mwenyewe, alicheka tu. "Mayu, mama yangu, madukani siku hizi yapo mapambo ya nailoni, yanang'aa. Tununue."

Nikamkatalia kwa ukali. Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, kwa vijana hawa kila kitu ni cha kununua.

Harusi ni kesho. Nimeanza kukata upya, nyekundu na nyeupe, lakini situlii. Nakaa, nasimama, nachungulia mlango.

Nailoni si kitu. Ila nikishabandika kipande cha mwisho, sina tena kazi ya kumfanyia Neema.