Ufunguo Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Madumu mawili yamemwagwa. Mawili! Nimerudi kazini miguu inawaka moto, nikainama chini ya kitanda kuangalia maji yangu ya akiba. Manne. Jana yalikuwa sita. Nikamuuliza mama mkwe, kwa adabu zote. Eti amefulia mapazia. Maji yamekaa humo wiki nzima kama wageni, anasema, nayo yafanye kazi kidogo.

Nikameza. Nimemeza mengi mpaka tumbo limejaa.

Yeye mwaka jana hakuwepo hapa kwetu. Zile siku tano za vurugu bomba lilikauka siku ya pili. Mwanangu Wakili alikuwa na miaka minne, anaharisha, mimi nina mimba ya Mdogo. Nilimnywesha maji yaliyochemshiwa viazi. Midomo yake ilipasuka kama udongo. Ile midomo siwezi kuisahau, hata nikitaka.

Ndiyo maana nimeanza daftari hili kubwa. Niandike kilichopo na kisichopo. Naona nitaandika na hasira pia — sina pengine pa kuziweka.

Kilichopo: unga, maharage makavu, chumvi, sukari, viberiti, redio ndogo. Begi la dharura nyuma ya mlango wa chumbani: vyeti vya kuzaliwa vya watoto ndani ya mfuko wa nailoni, kadi za kliniki, dawa ya homa, nepi, nguo, tochi. Tochi haina betri. Fundi kazitoa akaweka kwenye rimoti. Mume wangu huyo! Mpira kwanza, giza baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Unga haujafika kiwandani. Tumefunga mikate mpaka saa nne tu, halafu tukakaa kuangaliana. Msimamizi anasema tukiulizwa nje tuseme mashine inafanyiwa usafi. Mashine gani inafanyiwa usafi siku tatu?

Dereva wa gari la mikate amerudi kioo cha pembeni hakipo. Kakivunja nani, tukamuuliza. Foleni, akasema. Foleni nzima? Foleni nzima, dada zangu — siku hizi napeleka mkate kama napeleka maharusi, watu wananikimbilia na vigelegele, ila hawa wanataka kumla bibi harusi. Tukacheka. Halafu hakuna aliyecheka tena.

Nimekuja na mikate miwili ya jana. Nimeikata, nimeianika ikauke. Wakili anauliza kwa nini tunaharibu mkate mzuri. Nimemwambia ukikauka unakaa mwezi. Akasema, kwa hiyo tutakula mkate mbaya ili tusikose mkate mzuri? Miaka mitano. Hilo jina la Wakili hatukumpa sisi, kalipigania mwenyewe.

Fundi leo kaingia na furaha. Mtaa mzima unataka vyuma madirishani na milangoni. Miguu haigusi chini. Na kwetu, anasema, ataweka Jumamosi, vya kwanza kwa ubora.

Nilifurahi. Naandika hivyo ili nisije nikajifanya sikufurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Amechomelea kutwa. Nyumba inanuka chuma kilichoungua, nepi za Mdogo zimeingia vumbi jeusi. Kazi nzuri, siwezi kumnyima. Nondo nene, zimenyooka kama mistari ya daftari hili.

Madirisha yote. Mlango wa mbele, geti la chuma lenye kufuli. Mlango wa nyuma — huo kauchomelea moja kwa moja kwenye fremu. Haufunguki. Bawaba ziko wapi, nikamuuliza. Bawaba ndizo wanazovunja, Mama Wakili. Hapa hakuna cha kuvunja.

Na kufuli la mbele liko NJE. Kalitengenezea na kikopo cha chuma, nyundo haifiki, msumeno haufiki, na mkono wa aliye ndani haufiki. Kwa sababu mwaka jana zile nyumba zilizokuwa na kufuli nje zilirukwa. Wahuni walidhani wenyewe wamekimbia. Basi sasa mtaa mzima ndio mtindo: baba anafunga kwa nje anaondoka, mama na watoto wanakaa ndani kimya. Kama kuku tenga zima.

Ufunguo ni mmoja. Ufunguo wa pili ndio unaoibwa, anasema.

Majirani wakaja kuangalia. Fundi kifua mbele, anatingisha geti: hata mimi mwenyewe bila ufunguo siingii! Wakapiga makofi. Wanne wametaka hivyohivyo, na mlango wa nyuma hivyohivyo.

Nikauliza, na moto je?

Jirani mmoja akaangalia viatu vyake. Mama mkwe akanikata jicho: mwanangu, usiite mabaya. Baadaye Fundi akaniambia nimemwaibisha mbele za wateja. Mbele za wateja! Mimi nilidhani tuko nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Zoezi na Wakili. Nikisema "viatu!" anavaa viatu, anashika mkono wa Bibi, mimi nabeba Mdogo na begi, tunatoka. Amevaa haraka sana, kushoto kulia sawasawa. Tukakimbia mpaka mlango wa nyuma. Tukasimama.

"Mama, tunatokea wapi?"

Fundi yuko kwenye kochi, anasikia, anajifanya kiziwi.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimemnyonyesha mwanangu kupitia nondo.

Ngoja niandike vizuri. Mimi natoka kazini saa nane. Fundi anarudi saa kumi na moja, na ufunguo uko mfukoni mwake. Jana nilikaa kibarazani nikangoja. Leo nikamsikia Mdogo ndani analia ile ya njaa, maziwa yakaanza kunimwagika yenyewe. Nikazunguka dirisha la nyuma. Mama mkwe akamnyanyua upande wa ndani, mimi nikajibana upande wa nje, kifua kwenye chuma. Chuma kina jua. Mdogo ananyonya, ananiangalia, mkono wake umeshika nondo.

Wanawake wawili wamepita uchochoroni. Mmoja akasema, dada, umemtembelea mfungwa? Mwenzake akamfinya.

Mama mkwe alimshikilia hivyohivyo mpaka akashiba. Hakunikosoa. Mara ya kwanza tangu ahamie kwetu.

Fundi aliporudi nilimwambia yote kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nataka ufunguo wa pili. Nataka bawaba mlango wa nyuma na komeo la ndani. Yeye anakula. Anasema kesho. Anasema ana oda kumi na moja, wale wamelipia, mimi sijalipia. Akacheka — ilikuwa utani. Nikaondoa sahani akiwa na tonge mkononi.

Akasema, unadhani mimi siogopi? Mwaka jana nilikuwa upande wa pili wa mji siku tatu sijui mko hai au vipi. Nataka nikiwa kazini nijue hakuna anayeingia.

Nikamwambia, na mimi nataka nikiwa kazini nijue wanaweza kutoka.

Akasema, kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho imepita. Kesho kutwa imefika.

Nimeingia duka la vifaa nikaomba msumeno wa chuma. Muuzaji ananijua. Kwani Fundi hana msumeno? Anao, nikasema, huu wa kwangu. Akatabasamu, nyie mkigombana mnagombana kwa vifaa! Kanipa na bledi mbili. Akanifundisha meno yaelekee mbele.

Msumeno nimeuficha ndani ya begi la dharura, chini kabisa ya nepi. Mwanamume hatafuti kitu chini ya nepi. Bledi ya pili nimeifunga karatasi ya mafuta isishike kutu, nimeiweka humu daftarini. Inachungulia kidogo kwa juu.

Mama mkwe kaniona. Nimejua kaniona. Ameendelea kuchambua maharage.

Na leo madumu ni sita tena. Sikuyajaza mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Kiwanda kimefungwa. Watu walijaa getini tangu alfajiri, msimamizi katutoa kwa mlango wa nyuma — ndiyo, kiwanda kina mlango wa nyuma! Dereva kasema kesho ni maandamano, barabara yote kubwa. Kaa na wanao, dada, akasema, bila utani safari hii.

Fundi ameahidi. Mbele ya mama yake. Kesho anafungua karakana asubuhi mara moja tu kuchukua mashine, anarudi kunikatia mlango wa nyuma. Na kufuli hafungi, maana mimi nipo. Nikamwambia rudia. Akarudia. Kama mtoto wa shule.

Jumanne, 18 Machi

Amefunga.

Nilikuwa bafuni namwogesha Mdogo. Nikasikia kufuli likilia, kwa! Nikakimbia na povu mikononi, nikamwita kwa jina lake. Ameshapinda kona. Mazoea au makusudi — sijui, na leo sijali.

Saa tatu simu zimekata. Saa tatu na nusu umeme umekata. Milio mbali, kisha si mbali. Mama mkwe anasema tukae kimya, ndiyo faida ya kufuli la nje, wakipita watadhani hamna mtu. Tukakaa kimya. Wakapita kweli. Wengi, wanakimbia, hakuna aliyegusa geti. Wakili akaninong'oneza, Baba ameshinda kesi? Nikasema labda.

Halafu ikaja harufu.

Duka la magodoro, safu ya mbele yetu, linawaka. Moshi mweusi, mzito, unatambaa chini. Ule wa sponji. Nimelowesha vitambaa kwa maji ya dumu nikawafunga wote puani. Nimelowesha pazia, nimelisokomeza chini ya mlango wa mbele. Kikopo cha kufuli nimekijaribu kwa mwiko, kwa waya, kwa vidole. Vidole viwili vimechanika. Kazi nzuri, Fundi. Kazi nzuri sana!

"Viatu!"

Wakili kavaa. Kushoto kulia sawasawa.

Nimetoa msumeno, nimesimama dirisha la nyuma. Nondo mbili zikitoka, mtu mzima anapita. Kila nondo inakatwa juu na chini. Mara nne. Nilianza ya kwanza nikilia kwa hasira, msumeno unaruka, haushiki. Mama mkwe akaja akapaka mafuta ya kula. Tulia, mwanangu, akasema, vuta mkono wote. Alijulia wapi sijui.

Kata ya kwanza imekwisha. Ya pili katikati — na huyo Fundi, uchochoroni, anakohoa, shati limepasuka. Kaanguka kwenye nondo upande wa nje kama mlevi. Ufunguo uko wapi? Kwenye ovaroli. Ovaroli iko wapi? Karakana. Polisi walipiga mabomu ya machozi, mafundi wakakimbia kama walivyo. Anataka kurudi. Barabara yenyewe ndiyo inayowaka.

Nilikuwa na maneno. Nimeyatunza tangu tarehe nane, nimeyapanga kama mikate. Nikafungua mdomo, yakatoka mawili.

"Shika nondo."

Ameshika. Nondo ikiyumba bledi inakatika, yeye ndiye ananiambia, huku anakohoa. Usikandamize, Mama Wakili. Acha meno yale yenyewe. Anashika kwa mikono miwili, haniangalii usoni.

Nondo ya kwanza imetoka.

Sasa ni zamu ya mama mkwe. Mkono wangu umekufa ganzi, mwandiko wenyewe unaonekana. Nimekaa chini kwenye sakafu, karibu na hewa, Mdogo ananyonya, la sivyo analia anavuta moshi. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

Wakili kajipima. Kichwa kinapita. Anasimama pale na viatu vyake: Mama, zoezi linasema nani anatangulia? Halisemi. Sikulipanga hilo. Nilipanga chumvi, nilipanga betri.

Nimesema, wewe. Akasema, na Bibi? Nikasema, wewe kwanza, mpe Baba mkono. Amegoma. Anasema mpaka shimo liwe la wote. Baba yake anamwita kwa nje, njoo mwanangu, njoo — na yeye anamwuliza: na hawa wengine utawafungulia lini?

Ametoka. Bibi yake kamsukuma. Fundi kamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine haujaachia nondo.

Na kuna sauti nyingine. Mwanzoni nilidhani ni sisi. Si sisi. Ni mtaa. Nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, mpaka kule mwisho — wanagonga vyuma kwa sufuria, kwa mawe ya kusagia, kwa mikono. Wanaita. Hawaiti polisi, hawaiti mama zao.

Fundi! Fundi! Fundi!

Yeye amesimama tu katikati ya uchochoro, mtoto begani, nondo tuliyoitoa mkononi. Anahesabu nyumba kwa macho. Namwona anahesabu. Anaangalia msumeno.

Tak!

Bledi imekatika. Mama mkwe hakugeuka, amenyoosha tu mkono nyuma, vidole wazi. Lete ile nyingine, mwanangu.

Ndiyo hii, chini ya mkono wangu, kwenye ukurasa huu. Ni moja tu, na mtaa mzima unagonga.