Nappe ya Watu Sita

Bukavu, siku ya pili ya juma, 3 septemba 1957

Bibi yangu Euphrasie amerudi na hasira kutoka Foyer, ile nyumba ya kufundishia bamama. Akatupa kitambaa juu ya meza. Mademoiselle, muzungu anayewafundisha, amegawia kila mama servieti moja ya kushona ua, na siku ya tano ataziangalia zote. Bibi yangu amejichoma sindano mara tatu. Kwao Luvungi, anasema, maua yanatoka mu udongo yenyewe, hakuna mutu wa kuyashona. Akakamata jembe, akaenda ku tomati zake nyuma ya nyumba.

Mimi nikabaki na servieti. Ua lake — Mungu anisamehe — linafanana na chura aliyekanyagwa na magurudumu ya kamiyo. Nikasema nitafungua tu ule uzi uliofungamana. Nikafungua. Kisha nikashona jani moja, nione kama vidole bado vinakumbuka. Vinakumbuka! Nikafunga dirisha, nikamaliza ua lote. Chakula kilipoa. Nilirudi biro nimechelewa dakika kumi, nikasema ni tumbo.

Niandike hapa, maana hakuna pengine pa kuandika. Kule misioni, nilipokuwa mwanafunzi, masera mumoja, mutawa muzee mwenye mikono ya kutetemeka, alinikamata nimutungie sindano. Kutunga, kisha kushona ukingo, kisha misalaba ya uzi wa dhahabu juu ya nguo za misa. Wenzangu wakaniita Masera Anaclet. Siku nilipopata kazi ya Serikali niliacha, sikumwambia mutu. Hata bibi yangu. Miaka kumi na mbili.

Siku ya tano, 6 septemba

Mademoiselle ameinua servieti mbele ya bamama wote. Amesema: angalieni mukono wa mwanamuke aliyeelewa nyumba yake. Euphrasie ananihadithia, anacheka mpaka anakaa chini.

Niliangalia ule mukono wa mwanamuke. Uko na wino.

Tumepatana. Mimi nitashona saa sita ya muchana, biro inapofungwa. Yeye atalima. Kule Foyer atakaa karibu na mulango, apitishe sindano bila uzi, juu chini, juu chini. Mademoiselle haoni mbali, na anapenda bamama wanaonyamaza.

Siku ya Mungu, 15 septemba

Nyuzi tatu za buluu mufukoni, tangu jana. Muhindi wa duka aliuliza za nani. Nikasema za bibi. Akanisifu, akasema mabwana wengi hawajui hata rangi ya nguo ambazo bibi zao wamevaa.

Ninataka buluu ya ziwa saa ine ya asubuhi, si buluu yoyote. Kwa hiyo baada ya misa nikashuka mpaka Nguba, maana kule ziwa linaonekana lote. Nguba ninaijua kuliko wanaoikaa. Viwanja vyake ni mimi niliyevichora na wino pale biro ya viwanja, ukuta kwa ukuta. Kukaa kule ni kwa bazungu, lakini kuchora wameniachia. Nikasimama kando ya maji, nikanyoosha uzi wa kwanza.

Polisi akanikuta. Karatasi? Nikatoa. Ninafanya nini? Nikasema ninalinganisha. Akaniangalia muda murefu. Kisha akachukua nyuzi zote tatu, akazinyoosha mbele ya ziwa, akafunga jicho moja.

— Hii ya katikati, papa. Hii ingine iko rangi ya chupa.

Alisema kweli. Nikamushukuru. Akaniomba sasa niondoke, kwa sababu madamu wa nyumba ile ya ghorofa amekwisha kupiga simu mara mbili.

Siku ya ine, 26 septemba

Cercle, kilabu yetu sisi makarani, leo ilijaa. Ignace, mwenzangu wa biro, alitoa hotuba: kazi za mukono wa mwanaume na kazi za mukono wa mwanamuke, na namna gani tutakosa ustaarabu tukizichanganya. Alisema kwa dakika arobaini. Ignace kwake nyumbani hajui hata chumvi iko wapi. Mufano wake mukubwa ulikuwa Euphrasie: angalieni servieti za bibi wa Anaclet, ndiyo vile muji unajengwa. Wote wakageuka, wakapiga makofi. Nikasimama, nikashukuru kwa niaba ya bibi yangu.

Nilipokaa, Ignace akaona kidole changu. Alama tano, sita, nyekundu. Nikasema ni pini za biro, zinatuchoma sana mwaka huu. Akanipa pole.

Siku ya kwanza, 14 oktoba

Habari kubwa. Mwaka kesho kutakuwa maonyesho ya dunia nzima kule Bruxelles, na Foyer inatafuta kazi nzuri za kupeleka. Mademoiselle amemupa Euphrasie nappe nyeupe, kitambaa cha meza ya watu sita. Sisi meza yetu inakalisha watu watatu, na wa tatu akunje miguu.

Niliikunjua juu ya kitanda. Nyeupe yote! Sijawahi kupewa nafasi kubwa namna hii, hata misioni. Nikakaa, sikushona kitu. Kisha nikatoka nje kuangalia bustani ya bibi yangu, mara ya kwanza kwa kweli kuiangalia. Maharagi yake yanapanda juu ya fito, yanatoa maua meupe yenye zambarau kidogo ndani, madogo kama kucha ya mutoto. Tomati bado za kijani, moja moja imeanza kuona haya. Euphrasie akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema hapana, endelea kulima.

Nitayazungusha maharagi pande zote ine. Tomati kwenye pembe. Ziwa katikati, buluu ya polisi.

Siku ya ine, 17 oktoba

Mademoiselle ameona karatasi niliyochora, Euphrasie aliipeleka kama yake. Anasema nzuri sana, lakini mutu wa Bruxelles atajuaje kama hii ni Kongo? Nyumba ya majani iko wapi? Ngoma? Munazi?

Euphrasie akamujibu kwamba sisi tunakaa mu nyumba ya mabati, na munazi hajauona Bukavu. Mademoiselle akasema: mama, weka nyumba ya majani.

Nimeiweka. Pembeni, chini ya jani la haragi, ukubwa wa kifungo. Mbele ya mulango nimekalisha mutu mumoja, anasoma gazeti. Mutu asiyetafuta hatamuona.

Leo nilifanya yale mafundo madogo ndani ya maua, arobaini na tatu. Unazungusha uzi mara mbili juu ya sindano, unashikilia, unashuka palepale ulipotokea. Likikaa vizuri, moyo unatulia. Ningeweza kuishi kwa kazi hiyo peke yake. Biro niliandika barua ya mukubwa wangu na kosa mbili, hakuziona.

Siku ya posho, 26 oktoba

Taabu.

Nappe imekwisha, nimeshona hata usiku kwa taa; imepigwa pasi, Foyer nzima inaisifu. Ndiyo taabu yenyewe. Tarehe 9 atafika Madamu mumoja kutoka Léo, kwenye makao ya Serikali, bibi ya mukubwa fulani, ndiye atakayechagua vitu vya Bruxelles. Anataka kumuona aliyeshona, akishona. Kiti kitawekwa mbele. Mabwana wote wamealikwa.

Euphrasie hakucheka leo. Alisema akishikwa na uongo atafukuzwa Foyer, na mimi ile karte ya mérite niliyoomba, cheti cha Serikali cha watu wastaarabu, sitaiona tena, kwa sababu watu wa komisioni wanaanza kwa kuuliza habari za bibi. Alisema tuwaambie mapema. Nikasema hapana.

— Unaona haya ya nini? Umeiba?

Nikamukumbusha kwamba nina jina katika Cercle. Akaniuliza hilo jina linakula nini. Nikatoa sindano, nikamuambia akae, nitamufundisha.

Siku ya tano, 1 novemba

Watakatifu wote. Biro imefungwa. Tulikaa juu ya mukeka toka misa mpaka saa tisa. Bibi yangu anaweza kubeba gunia la mihogo na kupanda nalo mulima wa Kadutu bila kupumzika, lakini sindano anaishika kama anataka kuiua. Jani la kwanza: chura. La pili: chura. La tatu nilimushika mukono, tukashona pamoja, kidole juu ya kidole. Sijui kama tuliwahi kukaa karibu namna ile muchana, tangu ndoa.

Akauliza nani alinifundisha. Nikamuambia yote: masera muzee, misalaba ya dhahabu, wenzangu walivyonicheka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, pole pole, kama anahesabu miche: miaka nane nimelala na mutu huyu.

Jani la ine lilikuwa jani. Karibu.

Siku ya posho, 9 novemba

Nitaandika vile ilivyokuwa.

Sala ya Foyer, ule ukumbi wao mukubwa, maua kila pahali. Nappe ukutani. Bamama mbele na nguo zao za siku kuu, sisi mabwana nyuma juu ya mabenchi. Ignace kando yangu. Madamu wa Léo ni mutu mupole, kofia ndogo, anasema kifaransa tu. Aliigusa nappe, akauliza yale maua ni ya aina gani. Nyumba ya majani ilimufurahisha zaidi.

Wakamukalisha Euphrasie. Mademoiselle akamupa kitambaa kilichokazwa mu ile duara ya mbao: aongeze jani moja tu. Akaanza. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa ninashona naye ndani ya mufuko wangu, vidole vinakwenda. Halafu mukono wake ukasimama. Akanyanyua kichwa, akanitafuta kule nyuma, akaniona. Akaweka kitambaa juu ya magoti.

— Mademoiselle, umuambie Madamu kweli. Kazi hii haiko yangu. Iko ya bwana yangu, yule kule nyuma mwenye lunette machoni.

Hakupayuka. Alisema kama mutu anayesema bei ya tomati.

Mademoiselle iko Kivu miaka tisa, kiswahili anakijua kutupita. Akamugeukia Madamu, akasema kwa kifaransa kwamba huyu mama anasema yote haya ni kwa sababu ya bwana wake. Madamu akaweka mukono kifuani. Akanitafuta na macho, akanitabasamia, akapiga makofi. Sala yote ikapiga makofi.

Kila mama pale alisikia kiswahili. Kila bwana wa Cercle alisikia lugha zote mbili. Mutu mumoja tu ndani ya sala hakujua, na ndiye aliyekuja kuangalia.

Mimi kifaransa changu ni kizuri. Ndicho kilichonipa kazi. Sentensi moja ingetosha, hata ya makosa. Niliitengeneza kichwani, nikaitengeneza tena vizuri zaidi, na ilipokuwa tayari watu walikuwa wanakunywa limonadi.

Na makofi — niandike — na mimi nilipiga.

Tulipanda mpaka nyumbani. Viatu vyake alivishika mukononi.

Siku ya Mungu, 10 novemba

Ignace aliningoja baada ya misa. Anasema watu walianza kusemasema, lakini yeye amewaambia bamama wa Luvungi wanapenda mizaha, na wote wamekubali. Imekwisha, anasema. Akanipiga bega. Alinifanyia wema, na nilitamani angenitukana.

Nappe imechaguliwa. Karatasi ya Foyer imeletwa na mama jirani, lazima irudi kesho asubuhi. Musitari wa kwanza: jina la mwanamuke aliyeshona. Mademoiselle amemutumia Euphrasie neno: asilete matatizo, sehemu ile ya maonyesho ni ya kazi za bamama, jina lingine likiandikwa nappe itabaki Bukavu. Kumbe ameelewa vizuri.

Fikiria: bustani yetu mbele ya dunia nzima. Mafundo yangu yote. Na herufi chache tu za kulipia.

Nilikaa na kalamu. Nimeandika Cirhuza, jina la nyumba. Hiyo haina taabu, ni yetu wawili. Jina la ubatizo bado. Euphrasie ameingia kutoka bustani, hajanawa, amesimama nyuma ya kiti changu. Kifaransa hasomi, lakini herufi amefundishwa pale pale Foyer.

— Mimi nilisema yangu mbele yao. Sasa iko zamu yako.

Nimekamata daftari hii kwanza, ninaandika, kama mutu mwenye kazi nyingi. Hajadanganyika. Amesukuma ile karatasi mpaka chini ya mukono wangu. Kidole chake kimeacha udongo kwenye musitari, palepale panapongoja. A yangu au E yake. Zote mbili anazijua.