Kondo, Mtani Wangu

Jumatatu, 5 Mfunguo Tisa

Nyumbu wamelishwa. Magurudumu yametiwa mafuta. Tumepakia makasha ya ulanga, madini yale yanayometa, huko Mlali alfajiri, tumeyashusha stesheni Morogoro. Mgongo unauma.

Gari ni la Kondo. Kiti ni chake. Tajiri wetu Mdachi alinikabidhi hatamu kaburi la Kondo halijakauka.

Kwenye mteremko wa Mzinga nyumbu walisimama wenyewe, masikio juu. Hapo ndipo alipofia. Walikuwa wanangoja mluzi wake. Mimi sikupiga. Nilishuka nikawavuta.

Jumatano, 7

Wamesimama tena. Leo niliusikia mluzi. Naandika kama ulivyokuwa: niliusikia, nyuma ya gari, mrefu, ukikatika mwishoni kama alivyoukata yeye. Nyumbu wakaondoka. Sikugeuka.

Ijumaa, 9

Hakuna safari. Nimeswali Mwembesongo, nimerudi chumbani, sina la kufanya ila kumkumbuka.

Reli ilipofika hapa, mizigo ya kichwani ilikwisha. Sisi Wanyamwezi tuliotoka bara na misafara tukabaki tumekaa stesheni kama vyungu vilivyopasuka. Kondo akanipita na gari lake, akarudi. Akaniambia, “Mpagazi, kichwa chako kimekwisha kazi. Njoo tujaribu mikono.” Nikamjibu kwamba sijawahi kuamriwa na mla magimbi. Akacheka, akanisogezea nafasi.

Hivyo tu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Alinifundisha kufunga hatamu, kupima mzigo, kukalia kigingi cha kuzuia gurudumu penye mteremko, na kila somo lilikuja na tusi. Nyumbu aliwaita mashemeji. Aliwasemesha kwa adabu kuliko alivyonisemesha mimi. Hakuna mtu aliyenitukana vizuri hivyo. Hakuna aliyenipenda hivyo hapa ugenini.

Siku ya mvua nilikuwa nyuma yake na gari la pili. Niliona kigingi kikikatika. Angeweza kuruka pembeni. Aliruka mbele, akawashika nyumbu wa kwanza wasitumbukie korongoni. Walipona. Gurudumu lilimpita kifuani.

Nilimbeba mgongoni hadi Mlali. Mdachi alipofika aliuliza kwanza habari za nyumbu.

Jumanne, 13

Bi Mwajuma, dada yake Kondo, amekuja kutoka Mlali kwa miguu. Nilimpa maji. Nikampa shikamoo, akaitikia.

Kisha akasema lililomleta. Mtani ana kazi yake msibani. Azuie jeneza mpaka apewe chake. Avae nguo za marehemu, atembee kama yeye, aseme kama yeye, watu wacheke, maiti aende zake. Mimi nilisimama pembeni ya kaburi nimekunja mikono.

“Ndugu yangu amezikwa kama mgeni,” akasema. “Mtani wake yupo, kanyamaza kama mkwe.”

Anataka niifanye kazi hiyo siku ya arobaini. Ameniachia koti la kaki la marehemu. Kifuani limeshonwa upya, kwa uzi mweusi.

Jumatatu, 19

Koti liko msumarini. Silitazami. Linanuka tumbaku yake.

Mluzi jana na leo. Nimemuuliza mwenzangu wa gari la pili kama anasikia kitu pale. Alisema anasikia maji tu.

Naogopa. Nikilivaa, nani ataingia humo? Nisipolivaa, Mlali sina uso.

Alhamisi, 29

Arobaini.

Baada ya hitima huko Mlali nilivaa koti nyuma ya nyumba. Nikatoka nikichechemea, mkono kiunoni, kama yeye. Nikawaambia wafiwa wali wao ni mbichi na kwamba kuna mpagazi mmoja hapa asipewe nyama. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mzee mmoja jikoni. Kisha wote. Nikawaamkia nyumbu: “Mashemeji, hamjambo? Wake zenu, dada zangu, wanawasalimu.” Bi Mwajuma alicheka hadi akakaa chini.

Ndipo nikapiga mluzi. Sikuwa nimekusudia. Sijawahi kuuweza. Ulitoka ule ule, na mwisho wake ukakatika pale pale. Nyumbu waliofungwa uani wakainua vichwa, wakaanza kuvuta kamba zao. Kicheko kikafa. Mama mmoja akamchukua mwanawe akaondoka.

Bi Mwajuma akanyanyuka, akaja mbele yangu. Hakunitazama kama mimi.

“Kaka, uliumia?”

Nilitaka kulivua koti nikimbie. Mdomo ulijibu kwanza.

“Mwulize huyu mpagazi. Ndiye aliyenibeba. Mifupa ya mgongo wake ndiyo iliyoniumiza.”

Bi Mwajuma akacheka, machozi yakimtiririka, na uani kote wakacheka pamoja naye. Akanishika mabega. “Basi, kaka. Nenda kapumzike.”

Nikalivua. Akanirudishia, akasema ni haki ya mtani. Sijui mpaka sasa ni nani aliyejibu.

Jumamosi, 1 Mfunguo Kumi

Nimelala mchana kutwa. Chakula sitaki.

Jumatano, 5

Manyunyu tangu asubuhi. Baridi ya milimani. Nimevaa koti, sina jingine.

Mzinga nyumbu walisimama, wakanusa, wakapita. Hakuna sauti. Nilisikiliza mpaka ng'ambo ya mto.

Mbele kidogo mwanamke wa milimani alikuwa anashuka na kikapu cha mboga, kichwani amejifunika jani la mgomba. Alikuwa mbali, juu ya njia. Habari za msiba hazijamfikia huko kwao. Alipaza sauti:

“Shikamoo, Mzee Kondo!”

“Marahaba,” nikaitikia.

Akaniambia, “Yule mtoto wangu uliyempeleka kwa mganga wa misheni sasa anakimbia.” Nikasema alhamdulillahi. Akaendelea na njia yake, nami nikaendelea na yangu. Makasha yamefika stesheni makavu.